Utangulizi wa Elimuvitufe: Maradhi ya Kibodi katika Ukanda wa Voi

Mwanafunzi wangu, weka simu chini uketi wima. Fani tunayoingia leo ni Elimuvitufe, mama wa fani zote. Bila yake hakuna tasnifu, hakuna barua ya kuomba kazi, wala ritani ya kodi inayofailiwa saa tano usiku wa tarehe 30 Juni.

Fasili ya Kwanza: Kibodi ni gonjwa pale kilichobonyezwa na kilichoandikika vinapotofautiana. Wasiojua tahajia wako nje ya fasili hii; hao wana daktari wao.

1. Vumbizi. Udongo unaowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu hauchagui kiumbe. Huingia saiba ya Voi kila mlango unapofunguliwa. Tunatofautisha vumbizi-juu, ambayo hata mpita njia huiona, na vumbizi-chini, ambapo kitufe hukwama katikati ya safari na kulia kama kinatafuna mchanga. Tiba: chomoa kibodi, ipindue, ipigepige mgongoni taratibu, kisha mswaki mkuukuu, mkavu. Usipulize kwa mdomo. Mdomo una mate, na mate ni aina ya pili.

2. Umajimaji. Chini ya vitufe mna karatasi tatu za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme; ya kati ina matundu. Ukibonyeza, ya juu hupenya tunduni ikaigusa ya chini, na herufi huzaliwa. Chai ikijipenyeza humo, sukari hukauka, kitufe hunata, na sisimizi hufika kabla ya fundi. Kuna chai ya rangi, chai ya maziwa, na chai isiyo na sukari. Hii ya mwisho ipo katika nadharia tu, sijapata sampuli yake kutoka Voi hadi Wundanyi. Tiba: zima, chomoa, pindua, na usiiwashe hadi ikauke kabisa, hata mteja akilia.

3. Utarakimishi. Hapa ndipo wanagenzi hutokwa jasho. Kwenye laptopu nyingi ndogo, Num Lk ikiguswa kwa bahati mbaya, baadhi ya herufi za mkono wa kulia hugeuka tarakimu: U huwa 4, I huwa 5, O huwa 6, M huwa 0. Mteja hupiga kelele kwamba mashine imerogwa. Haijarogwa, imetarakimika.

Nimezipima kwa kigezo hiki kaunti ndogo zote nne za Taita Taveta. Voi hutoka v65. Mwatate ni 0watate. Wundanyi, licha ya hewa safi ya milimani, ni w4ndany5. Taveta peke yake hutoka salama, kwa kuwa herufi zake zote ni za mkono wa kushoto. Inashangaza kwamba katika mijadala yote ya ugatuzi jambo hili halijapewa hata kikao kimoja. Tiba: bonyeza Fn na Num Lk kwa pamoja.

4. Uhamaji wa alama. Huzikumba kompyuta za mtumba kutoka Uingereza: unatafuta @ unapata alama ya kunukuu. Badilisha lugha ya kibodi kwenye mipangilio. Tusonge.

5. Ububu wa herufi. Umegawanyika: bubu-daima, na bubu-majaaliwa, ambaye huandika akipenda. Katika Kiswahili mhanga mkuu ni A, kwa kazi nyingi. Tazama jina la kaunti yetu: herufi kumi na moja, nane kati yake ni T na A. Vitufe hivyo viwili vikifa, kaunti nzima, pamoja na mkonge na vito vyake, hubaki "i ve". Kumbe Q na X zimekaa bure tangu tuirithi taipureta ya Christopher Sholes, iliyoanza kuuzwa 1874! Ikiwa kilichochakaa ni kijimpira cha A, fundi mjanja hukopa cha Q. Cha X asikiguse: mteja anayefuata atataka iTax.

6. Ukimya Mkuu. Hakuna kitufe kinachoitika. Je, kibodi iliyochomoka waya ni gonjwa? Wenzangu husema ndiyo. Mimi nakataa: aliyefungiwa nje haitwi bubu. Chomeka waya kwenye tundu jingine la USB, kisha bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, kuna uhai. Ikigoma, ijaribu kwenye kompyuta ya jirani kabla hujatoa pesa ya kibodi mpya.

Jumatatu tunaanza kipanya. Kila mmoja aje na chake.