Barua ya Wazi kwa Walezi wa Tope

Kwa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani,
Ofisi ya Chicago.

YAH: MAOMBI YA KUHESABIWA KUWA TOPE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nawaombea watu wa East Chicago, mji wa Indiana ulio ukingoni mwa Ziwa Michigan, wapewe hadhi mliyolipatia tope la bandari yao.

Tope hilo nalionea wivu. Viwanda vya chuma na vya kusafisha mafuta vililinywesha kila aina ya uchafu: mafuta, metali nzito, kemikali za PCB. Mwaka 1972 mkaacha kulichota bandarini, maana hapakuwa na pa kulipeleka. Meli zikawa zinapunguza shehena zisije zikakwama. Mkatafakari miaka 40. Haraka haraka haina baraka, najua.

Mwaka 2012 matishari yakaanza kulihamisha. Na makao yake, jamani! Ukuta umezamishwa ardhini pande zote hadi kwenye tabaka la mfinyanzi. Visima vinavuta maji ya chini ili yakitaka kutembea yaingie ndani, yasitoke nje. Juu linafunikwa maji lisitoe mvuke, na kando kuna vipima hewa vya kusikiliza linavyopumua.

Kiwanja nacho hakikuokotwa tu. Palikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofilisika kikaacha ardhi imelowa, hivyo ukuta mmoja unazuia uchafu wa marehemu na wa mgeni. Kihandisi sina neno. Ila takribani nusu maili kutoka hapo kuna shule ya sekondari. Wanafunzi wamewekewa kipima hewa, ahsanteni. Lakini kipima hewa kazi yake kupima, si kuzuia.

Halafu kuna West Calumet, mji huohuo. Nyumba za umma zilijengwa miaka ya 1970 palipokuwa na kiwanda cha madini ya risasi, na watoto wakauchezea udongo wake wenye risasi kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyewazamishia ukuta. Mwaka 2016 wakazi zaidi ya 1,000 wakaambiwa wafungashe, wahame, na baadaye nyumba zikavunjwa. Mtasema hizo zilikuwa za ofisi nyingine. Kweli kabisa, na ndiyo sababu sikuiandikia ofisi hiyo. Ninyi ndio mmeonyesha kwamba kutunza mnajua.

Kwa hiyo naomba fomu. Pia mnifafanulie: mtoto akipimwa damu ikakutwa na risasi, amefikia kiwango cha kuzungushiwa ukuta, au sharti kwanza azame bandarini akwamishe meli?

Wenu katika ujenzi wa kuta,

Mwombaji.

Nakala: Tope la Bandari ya Indiana, kwa taarifa.