Subaru Ingurume: Mwongozo kwa Wenye Pesa ya Maembe

Msimu wa maembe ukiisha Makueni, kijana mwenye Subaru na noti mfukoni ana njia mbili: alipe karo ya mdogo wake, au anunue heda. Mwongozo huu ni wa huyo wa pili. Wa kwanza hatuna la kumfunza, ana mama.

Heda ni yale mabomba yanayopokea moshi unapotoka tu kwenye injini, kabla haujafika kwenye turbo na baadaye silensa. Jiulize kwanza unatafuta nini, nguvu au mlio. Kwa Subaru, swali hili limeliza watu wazima. Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Ya 1 na ya 3 ziko upande mmoja, kwa hiyo upande huo hupiga mara mbili mfululizo, kisha ule mwingine nao mara mbili. Mabomba ya kiwandani ya zile Impreza za zamani hayalingani urefu, basi mapigo hufika yakichechemea: du-du, du-du. Ndicho kile kishindo ambacho hata mbuzi wa Kathonzweni hukitambua na kupisha njia.

Sasa, heda za kuongeza nguvu ni zile za urefu sawa. Ukizifunga, mapigo hupangika, turbo hushiba, na gari hulia kama Probox iliyosomea ng'ambo. Mimi nilizifunga. Nikapita sokoni Wote mara nne, hakuna aliyegeuza shingo. Mara ya tano mama mmoja alinisimamisha. "Kijana, Emali ni pesa ngapi?"

Kwa injini zisizo na turbo, utaambiwa uchague kati ya nne-mbili-moja, yaani mabomba manne yanayokutana mawili mawili kabla ya kuwa moja, na nne-moja, yanayokutana yote kwa pamoja. Ya kwanza husaidia injini katika mizunguko ya kati. Ya pili hutoa utamu wake juu kabisa, mshale ukikaribia rangi nyekundu. Chagua nne-moja. Kati ya matuta ya Sultan Hamud na malori ya Emali, pale penye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, utapata nafasi ya kuufaidi utamu huo gari likiwa limesimama.

Ukienda Nairobi kununua, beba sumaku. Ikinata, muulize muuzaji hiyo stenlesi yake ni ya aina gani, kisha mtazame machoni. Kwa haki, zipo stenlesi zinazoshika sumaku. Lakini macho hayadanganyi.

Jambo ambalo muuzaji hatalitaja ni kwamba kwenye Subaru moshi hutokea chini ya injini, kwa hiyo heda zako za bei zitaning'inia karibu na ardhi kuliko heshima yako. Na ukivuka kwa jirani, Kitui ni nchi ya mito ya mchanga. Barabara nyingi za ndani huivuka kwa drifti, yaani vivuko vya zege vilivyolala mtoni. Ukingo wa zege haujui stenlesi. Ni kweli dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, lakini gari lile liliinuliwa, na timu kubwa za siku zile zilikuwa na helikopta angani na mafundi wakingoja mbele. Wewe una binamu mwenye boda boda.

Kufunga ni rahisi. Bolti za zamani zimwagie dawa ya kutu usiku kucha. Fundi wa chini ya mwembe ataona huo ni woga wa watu wa ofisini. Atachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana na kumwita kijana wake akalie. Utasikia "tak!" Huo ndio mlio wako wa kwanza, na nusu ya bolti imebaki ndani ya kichwa cha injini, ambacho ni cha alumini.

Gasketi nunua mpya. Fundi atasema, "Mkubwa, hii ya zamani bado iko sawa, tutapaka silikoni." Ukikubali, moshi utavuja, na hewa itanyonywa kupitia ufa huohuo. Kihisi cha oksijeni kitadhani petroli ni kidogo, kompyuta itaongeza, na safari ya Kitui hadi Kibwezi utailipia kama ya kwenda Mombasa. Kompyuta yenyewe inafaa kupangwa upya baada ya heda mpya, lakini hapo pesa ya maembe imekwisha.

Polisi wakikusimamisha kwa kelele, usibishane: kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za kudhibiti kelele zipo tangu 2009.

Na yale mabomba ya kiwandani, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Yafunge gunia, uyaweke chini ya kitanda. Mimi yangu niliyarudishia kabla ya mvua ya Novemba.