Shikamoo ya Rejeta

Zipo aibu za kila namna, lakini inayochoma kuliko zote kwa sasa, na iliyozagaa kwenye mlima wa kutoka Masasi kupanda Newala, ni ya mwanamume mzima aliyefungua boneti katikati ya kona, mvuke umemfunika uso, anaomba maji. Muda mfupi uliopita alikuwa bwana mkubwa. Alimpigia honi ndefu mama aliyejitwika ndoo mpaka mama wa watu akaingia majanini, akamtimulia vumbi jekundu, akatokomea. Sasa mama yuleyule anaibuka kwenye kona, hatua kwa hatua, hajamwaga hata tone, na bwana mkubwa anakumbuka ghafla kwamba alilelewa vizuri: “Shikamoo, mama.” Hakuna salamu yenye adabu kama ya mtu aliyekaukiwa na rejeta. Baiskeli yenye gunia la korosho inampita. Kuku wanampita. Abiria wake wameshuka, na kila mmoja amegeuka fundi: huyu anasema ni plagi, yule anasema ni pepo. Mama anatua ndoo, anaitikia marahaba, na kabla ya kutoa maji anauliza swali moja tu: “Asubuhi hukuyatazama?”

Fedheha hiyo ingebaki kuwa ya mwenye gari peke yake, nisingeisemea neno. Lakini itazame ile ndoo. Mvua hunyesha juu ya uwanda wa Makonde, ila udongo wake unayanywa maji yote; yanazama, kisha yanatokeza kama chemchemi huko mabondeni. Ukisimama kwenye genge la Shimo la Mungu, pale Newala, unaona mpango mzima ulivyo: watu wako juu, maji yako chini. Vizazi vya wanawake vimeteremka na kupanda genge hilo, na tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi mzima wa kuyasukuma maji kwa pampu hadi juu. Hata leo mitambo ya Mitema inapandisha maji kwenye kimo ambacho gari la Noah linatafuta kisingizio cha kukishindwa. Kwa hiyo lita kumi zinazoombwa barabarani zimekwisha kupanda mlima tayari, kwa umeme au kwa shingo ya mtu, ili zimiminwe kwenye rejeta ambayo mwenyewe hakuifungua tangu anunue gari. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia: gari lisilotunzwa halimwadhibu mwenyewe kwanza. Huanza kwa jirani.

Na inasikitisha zaidi kwa sababu kitu chenyewe kinachopuuzwa ni cha ajabu mno. Katika kila shilingi mia tatu za petroli unazochoma, kwa makadirio ya jumla, mia moja tu ndizo zinazosukuma gari. Mia nyingine zinatoka na moshi kwenye ekzosi, na mia iliyobaki inageuka joto ndani ya chuma, joto ambalo lisipoondolewa dakika hii, injini haina dakika ya pili. Kazi ya kuliondoa yamepewa maji. Pampu ndogo inayazungusha kwenye vijia vilivyochongwa kandokando ya silinda. Yanabeba joto, yanakuja mbele, yanapita kwenye mirija myembamba ya rejeta yenye mapezi ya bati, upepo unayapooza, yanarudi kazini bila kulalamika. Kwenye tambarare upepo unaletwa na mwendo wenyewe. Mlimani, gia ya kwanza, watu wanane na magunia juu, injini inachoma mafuta kwa kiasi chake kikubwa kabisa na gari linatembea polepole kuliko mbuzi. Upepo haupo, feni imebaki peke yake, na mapezi yamezibwa na vumbi la msimu mzima. Mlima hauharibu gari. Unasoma tu kwa sauti yale yaliyokuwa yameandikwa tangu zamani.

Kisha kuna mfuniko wa rejeta, kifaa ambacho ningekijengea mnara katikati ya Masasi kama ningekuwa na madaraka. Watu hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kumbe ndani yake kuna springi na mpira, na juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni mgandamizo ambao mfuniko unaruhusu kabla ya kuachia. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100 pwani, na kwenye kimo cha mita 900 huchemka mapema zaidi, nyuzi 97 hivi. Yakibanwa na mfuniko wa 0.9 hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Injini yenye afya hufanya kazi kwenye nyuzi 90 na kitu, maana yake kipande kile cha bati na mpira ndicho kinachokupa nafasi ya kupanda mlima. Mpira ukipasuka, nafasi imekwisha, hata kama rejeta ni mpya na imejaa pomoni. Ndiyo sababu pia mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji ya nyuzi 110 yaliyokuwa yametulia kwa kubanwa, yakiachiwa tu, sehemu yake inageuka mvuke papo hapo na kuruka usoni kwa aliyeinama. Kungoja nusu saa kivulini si woga. Kuna watu wamebeba alama shingoni maisha yao yote kwa kuharakisha nusu saa hiyo.

Mwenzake mfuniko ni themostati, na huyu ameonewa kuliko wote. Ni mlango mdogo wenye nta inayotanuka kwa joto: injini ikiwa baridi unafunga ili ipate moto haraka, ikifika nyuzi 80 na kidogo unafungua maji yaende kwenye rejeta. Gereji nyingi zinaung’oa na kuutupa kwa hoja moja maarufu: nchi yetu ni ya joto, hatuuhitaji. Ni hoja tamu, ina hata uzalendo ndani yake, lakini haisimami. Injini haitaki ubaridi, inataka joto lake halisi. Ikikaa baridi inakula petroli zaidi na kujisaga. Tena katika magari mengi mlango huo ukifunguka kwenda kwenye rejeta huziba njia ya mkato. Ukiung’oa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka injini tu bila kuiona rejeta. Yaani mtu ametoa kifaa ili gari lisichemke, na sasa linachemka kwa sababu amekitoa. Fundi atasema ni pampu.

Kwenye baraza la kijijini Chiungutwa atasimama mzee mwenye hoja nzito: Land Rover za zamani zilinyweshwa maji ya mtoni na zikazika madereva watatu. Kweli, na naziheshimu. Lakini injini ile ilikuwa chuma cha kusubu juu na chini, nzito, ya nguvu ndogo, yenye kusamehe. Injini za leo nyingi zina hedi ya alumini. Zikipata joto la kupita kiasi mara moja tu, hedi huweza kujipinda, gasketi ikaachia, maji yakaingia kwenye oili, na kijiti cha oili kikatoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Mwingine atasema kulanti ni ya Wazungu wanaoogopa barafu. Barafu kweli Masasi haitufikii. Ila kimiminika hicho kinapandisha pia kiwango cha kuchemka, na kina dawa ya kuzuia kutu na magamba ya chumvi yanayoziba mirija. Asiyekimudu basi atumie maji safi ya mvua kuliko ya kisima chenye chumvi. Na asiutegemee sana mshale wa deshibodi: magari mengi madogo ya Kijapani hayana hata huo mshale, yana taa ya bluu na nyekundu tu, na maji yakiisha kabisa kipima joto huweza kubaki kinaning’inia hewani na kutoa habari njema za uongo.

Kilichopanda kitateremka, na huko nyuma ya usukani ndipo kicheko kinapoanza kunikauka. Gari la kilo 1,300 likiteremka mita 300 za kimo, breki zikiachiwa kazi yote, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha lita 12 za maji baridi, zaidi ya nusu ya ndoo ya yule mama, na lote linakwenda kwenye vipande vichache vya chuma nyuma ya ringi. Oili ya breki mpya ya daraja la DOT 3 haichemki chini ya nyuzi 205. Lakini oili hiyo hunyonya unyevu wa hewani kimyakimya, na ikishaingiwa na maji, hata yasiyofika asilimia 4, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ikichemka inatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inakwenda mpaka chini bila gari kujali. Kinga yake ni kuibadilisha kila baada ya miaka miwili hivi, na kuteremka kwa gia ya chini, au kwenye 2 au L kwa otomatiki, ili injini ishike gari. Wapo wanaoteremka na frii ili kuokoa petroli. Injini za sasa za kupuliza mafuta kwa kompyuta, ukiachia mguu gari likiwa kwenye gia, hukata petroli kabisa. Ukiweka frii ndipo zinapolazimika kuchoma ili zisizime. Anayezima injini kabisa hupoteza na msaada wa breki na wa usukani, na akichomoa funguo usukani hujifunga. Kote huko anajisifu kwamba anabana matumizi.

Mengine ni mafupi. Tairi lina namba nne ubavuni, 2316 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na kashata nzuri hazilifanyi kuwa changa. Taa ya breki isiyowaka ni siri unayomficha aliye nyuma yako. Wepa zilizokatika hugunduliwa na mvua.

Utasema hayo ni ya fundi. Fundi hulikuta gari likiwa limekwisha kufa. Wewe ndiye unayelala nalo. Utasema lami inakuja, na ni kweli: katika barabara ya kilomita 210 ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kipande cha kilomita 50 cha kutoka Mtwara hadi Mnivata kilitangulia. Lakini lami haipunguzi mlima hata hatua moja. Inachopunguza ni uvumilivu wa dereva. Breki ile iliyotosha kwa mwendo wa mashimo sasa inaombwa isimamishe mwendo wa lami. Utasema pesa hakuna mpaka minada ya korosho. Hii ni hoja ya kweli, na siicheki. Ila kufungua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi, kutazama maji, oili, na kichupa cha breki, kisha kuzunguka matairi, hakungoji mnada wowote. Na pesa za korosho zinapofika tunaona zinakokwenda: redio yenye kioo, vitambaa vya viti, maandishi ya kumtisha adui kwenye kioo cha nyuma, na gari kuoshwa mpaka ling’ae kwa maji yaleyale yaliyopandishwa mlima. Mfuniko wa rejeta unasubiri msimu ujao.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na sitaipaka sukari. Tunayo Sheria ya Usalama Barabarani tangu 1973, tunayo wiki ya Nenda kwa Usalama na stika zake, tunayo bima ya lazima. Stika ni karatasi. Haijawahi kusimamisha gari. Bima hulipa baada ya tukio, na haina fomu ya mama aliyerukia majanini. Kisha breki zinakatika, watu wanazikwa, na msibani mtu mzima anasimama na kusema ajali haina kinga. Ina kinga. Imo kwenye kichupa cha plastiki chini ya boneti, ina alama mbili za juu na chini, na bei yake haifiki ya kile kitambaa cha kiti. Methali hiyo imewabeba wenye magari kwa muda mrefu kuliko magari yenyewe yalivyotubeba sisi, kwa sababu inamtupia Mungu hesabu ambayo ilikuwa ya mtu mwenye jina na leseni. Ningependa tuache kuitumia makaburini kwa watu waliokufa mteremkoni, na mahali pake tuulize, kwa sauti, mwenye gari akiwepo: oili ya breki ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na risiti iko wapi?