Bibi, Bunduki na Keki

Mjomba, hii habari isome ukiwa umekaa.

Juzi kwenye treni, hapa Zürich, Uswisi, aliingia bibi wa miaka sabini na ushei. Mkono mmoja keki kwenye kopo, begani bunduki ya kivita. Mimi nikatafuta mlango uliko. Wenzangu wanachezea simu. Kondakta akaja, akaomba tiketi, akamtakia bibi siku njema. Bunduki hakuiuliza. Kumtazama vizuri, ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, yule anayenikaripia nikifua nguo Jumapili. Akanipa kopo nibebe, akaniambia twende.

Basi nikajikuta kwenye Feldschiessen. Kila mwaka, Mei ikiisha au Juni ikianza, watu zaidi ya laki moja nchi nzima hushiriki, wengi wao hulala kifudifudi na kulenga shabaha iliyo mita 300 mbele. Hapo panga viwanja vitatu vya mpira kwa urefu, kisha utafute duara jeusi. Risasi ni 18, na za kujaribia hakuna. Sita za mwanzo unapiga mojamoja, halafu tatu ndani ya dakika moja, tatu tena, na mwisho sita, nazo ndani ya dakika moja. Ukipatia zote una alama 72.

Wewe ulituambia kwamba kambini JKT Maramba ganda la risasi likipotea hamlali. Huku askari wa akiba anakwenda na bunduki yake nyumbani, anaiweka karibu na mafagio. Risasi za kuweka nyumbani ndizo hawapewi tena tangu 2007. Mwaka 2011 wananchi walipiga kura kama silaha zirudi ghalani, wengi wakakataa. Lakini raha hiyo ina deni: kabla ya Agosti kwisha askari aende kwenye klabu ya shabaha akapige risasi 20, na asiyefikisha alama 42 kati ya 85 anarudishwa darasani. Na Waswisi hawa, mjomba, hawajapigana na nchi ya nje tangu 1815!

Bunduki ya bibi ni Karabiner 31, ya milimita 7.5, kitasa chake unakivuta nyuma moja kwa moja bila kukizungusha. Aliinunua ikiwa imeshatumika. Alipofungua bamba la kitako akakuta kikaratasi chenye jina la askari wa zamani. Eti ndivyo walivyofanya wengi. Mpaka leo anasema bunduki ni ya bwana yule, yeye kaazima tu.

Nami nisionekane mshamba, nikawasimulia vita vya Tanga vya Novemba 1914: Waingereza na Wahindi wao kama 8,000, jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck kama 1,000, na askari wake weusi wengi wameshika bunduki ya Mauser ya 1871 inayofuka moshi kila ikilia, adui anajua ulipo. Nikafika kwenye nyuki waliowavamia watu vitani, nikingoja mshangao. Mzee mmoja akauliza: walikuwa wanapiga umbali gani? Mwingine akataka kujua upepo wa bahari ulitoka upande upi. Nyuki hawakumshughulisha mtu.

Saa sita kamili bunduki zote kimya. Hakuna aliyeumia, ni kwamba majirani wa uwanja wana haki ya kula kwa utulivu. Tukala soseji. Mchana bibi akalala kwenye mkeka wake, akavaa viziba masikio, akapiga kama mtu anayehesabu chenji. Kioo kando yake kilionyesha kila tundu papo hapo: 63. Kijana wa jeshi aliyelala jirani yake akapata 49, akalaumu upepo. Upepo wenyewe ulikuwa mmoja.

Mimi sikupiga. Nimelinda keki, na nimeilinda vizuri.

Ukisikia watu huko Muheza wanasema nimeingia jeshi la Wazungu, wakanushie. Na mtu akija huku, mpe iliki ya shambani kwako, ya kutosha: bibi ameionja kwenye chai yangu, na tangu hapo hata nikifua Jumapili hanigombezi.