Yah: Shukrani kwa Fulana ya Siku ya Uoni Duniani

Kwa Waheshimiwa wa Kamati ya Maandalizi,

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani. Nalala chumba cha uani hapa Upanga. Asubuhi nakatiza Faya kwa miguu hadi Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, ninakopinda kanga barazani. Alhamisi ya pili ya Oktoba mlituletea hema, matarumbeta na fulana. Fulana imenifaa mno. Naifutia mafuta ya cherehani.

Kipeperushi ndicho kilichonishinda. Herufi zimebanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili jioni, nikamwita mjukuu anisomee. Akasoma: ukiona maandishi madogo yanakupa shida, wahi kupima macho. Kwa hiyo kupimwa nimeshapimwa, Waheshimiwa, na nimefeli.

Daktari wenu alieleza vizuri. Ukivuka miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa, unaanza kusogeza kitu mbali mpaka mkono unaisha. Akataja hesabu ya Shirika la Afya Duniani: watu milioni 826 hawaoni vizuri vya karibu, na wengi wao dawa yao ni miwani ya kusomea tu. Nikapiga makofi, nikakaa kuisubiri hiyo miwani. Zikaja soda.

Yangu nimenunua kwa kijana anayetembeza Mtaa wa Congo, baada ya mteja kunirudishia doti yake: pindo limekwenda kama njia ya ng'ombe. Kipimo cha kijana ni sindano. Ukitunga uzi, hiyo ndiyo yako, lipa. Hana risala wala mgeni rasmi, na foleni yake huwa inaisha.

Ila ndani ya jicho haoni, wala hajawahi kudai kwamba anaona. Jirani yangu wa baraza, muuza vifungo, alibadilisha miwani kwake mara tatu, kila mara yenye nguvu zaidi. Jicho haliumi, haliwashi. Akaanza kupamia watu waliokaa ubavuni mwake, tukamtania kwamba vifungo vimempa kiburi. Kumbe ni presha ya macho, ambayo mara nyingi huanza kula pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Wakiiwahi, wanaweza kuizuia isiendelee. Heri mtoto wa jicho: unapasuliwa, unawekewa lenzi, unarudi kuhesabu chenji zako mwenyewe.

Mtasema Muhimbili ipo hapo hapo Upanga. Kweli, naipita karibu kila siku. Lakini siku ya hospitali ni siku isiyo na pindo, na siku isiyo na pindo nyumbani haina unga. Mtu ambaye haumwi popote ataachaje cherehani akapange foleni?

Ombi langu ni dogo, msije mkaliundia kamati ndogo. Mwakani hema libaki stoo. Mleteni mpimaji mmoja na vifaa vyake barazani kwetu, siku ya kazi, aketi kwenye kigoda jirani na kijana wa miwani. Itifaki ikisumbua, mvisheni fulana.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Fundi wa barazani, Mtaa wa Uhuru
(Sahihi ipo. Kama haikukaa juu ya mstari, itafuteni pembeni.)

Nakala:
Kijana wa miwani, Mtaa wa Congo
Muuza vifungo (asomewe)