Chumvi Ilipimwa, Mimi Nikaachwa

Serikali inajua kama chumvi ya nyumbani kwangu ina madini joto. Inajua sakafu yangu ni ya saruji, paa ni la bati, na choo tunachangia na wapangaji wawili wa uani. Inajua tuna vyandarua vingapi na usiku wa kuamkia mahojiano nani alilala ndani ya kipi. Katika nyumba nzima kuna kitu kimoja tu haikijui, nacho ni hali ya mwenye nyumba.

Nazungumzia ule Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022. Hufanyika kila baada ya miaka kadhaa tangu 1991/92, na safari ile zilichaguliwa kaya zaidi ya 16,000 Bara na Visiwani. Kura ikaangukia kwetu. Mimi bahati nasibu za simu nimecheza mpaka salio limenichoka, sijaambulia hata kanga. Hii ndiyo nikashinda.

Wakaja na mjumbe wetu wa shina: mabinti wawili na kijana mmoja, vishikwambi mkononi, mizani begani. “Shikamoo mzee.” Marahaba. “Wewe ndiye mkuu wa kaya?” Jamani, tangu nioe sijaulizwa swali tamu kama lile. Nikavuta kiti, nikakohoa, nikajiweka sawa. Nilishapanga hotuba yangu: nianze na presha, nishuke kwenye goti la kushoto, nimalizie na gesi ya tumbo, ambayo ina historia ndefu.

Wakaniuliza choo.

Walipotosheka na choo wakaingia kwenye maji, tunachota wapi na kwa muda gani. Wakaja kwenye kupikia: kuni, mkaa au gesi? Nikadhani hatimaye gesi yangu imefikiwa, kumbe ya mtungi. Redio ipo? Baiskeli je? Ng'ombe? Ng'ombe, Mbagala! Nikawaambia hapa hata kuku tunamfuga kwa makubaliano na jirani.

Halafu likaja lile la nani alilala humu jana usiku. Katika tafiti hizi anayehesabika ni aliyelala, awe mwenyeji au mgeni. Ndipo mpwa wangu, aliyekuja kwa siku mbili tangu Idi iliyopita, akaandikwa kwa jina lake kamili. Siku hizi nikimuuliza anarudi lini kwao, ananikumbusha kwamba serikali inamtambua hapa.

“Na wewe mzee, una miaka mingapi?”

“Hamsini na tatu.”

Binti akagusa kishikwambi chake, akanitazama kwa huruma. “Ahsante sana mzee. Wanaume tunawahoji wa miaka 15 hadi 49.”

Basi. Mpwa wangu, miaka 24, ambaye ugonjwa wake pekee ni usingizi, akaitwa kuhojiwa. Mjukuu akapandishwa kwenye mizani, akapimwa urefu, akatobolewa kidole kuangalia malaria, akalia mpaka mtaa mzima ukajua serikali ipo. Mke wangu, aliyekuwa na miaka 47, akachukuliwa damu kidogo kupima wingi wake. Kisha binti akaomba kijiko cha chumvi. Chumvi! Tumeinunua juzi dukani, na yenyewe ina nafasi katika afya ya taifa. Mimi niliyeinunua sina.

Ikaja faragha. “Mzee, tunaomba utupishe kidogo, tuzungumze na mama.” Kidogo kile kilitosha jirani yangu kunywa chai, kunawa na kuchemsha nyingine. Ndani nasikia kicheko cha mke wangu. Alipotoka nikamuuliza walikuwa wanazungumza nini. “Siri,” akasema, na mpaka leo ni siri. Ilibidi nisome ripoti mwenyewe. Humo nikakuta wanauliza, pamoja na mengine, kama mume ana haki ya kumpiga mke akiunguza chakula. Kwangu anayeunguza ugali ni mimi, kwa hiyo naomba swali hilo lisije likageuzwa. Wanauliza pia nani anaamua manunuzi makubwa ya nyumba. Sasa nimeelewa kile kicheko.

Sikatai, kazi yao ina maana. Hospitali inamjua aliyefika hospitali. Aliyejitibu kwa panadoli na mwarobaini, au mtoto aliyefia nyumbani kijijini, hayumo kwenye daftari la daktari. Huyo utampata kwa kubisha hodi tu. Kwa hodi hizo ndipo tukajua kwamba watoto wenye udumavu walikuwa asilimia 34 mwaka 2015/16 na wakashuka hadi 30 mwaka 2022, na kwamba vifo vya walio chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 67 hadi 43 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Ukiniuliza, asilimia 30 bado ni aibu kwa nchi inayouza mahindi nje. Lakini angalau ni aibu iliyopimwa.

Lililonikera ni ukomo wenyewe. Wataalamu watasema utafiti huu umejengwa juu ya uzazi, ndiyo maana unaishia 49. Yaani ukishamaliza kazi ya kuzaa, taifa linakupa mkono wa kwaheri? Magonjwa yetu ndiyo kwanza yanaripoti kazini! Mwaka 2012 ulifanyika utafiti mwingine, wa magonjwa yasiyoambukiza, ukachukua watu wa miaka 25 hadi 64, ukakuta takriban mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Wengi hawakuwa na habari. Na mimi presha yangu niliijulia kwenye maonyesho ya Sabasaba, nilipoingia kwenye banda kufuata kivuli nikaambiwa kuna vipimo vya bure.

Mke wangu naye ameshavuka 49. Nimemkaribisha rasmi. Akasema kama ni hivyo zamu ijayo mdadisi atabaki na mpwa wangu na chumvi.

Na hiyo zamu ijayo yenyewe ina maswali. Marekani ndiyo iliyoasisi mpango wa tafiti za namna hii duniani mwaka 1984 na kuubeba kwa fedha zake, na mwaka 2025 ikafunga mkoba. Tusipotaka kurudi kwenye kubahatisha, itabidi tuchangie wenyewe. Mimi niko tayari, maana kodi yangu haijawahi kuishia miaka 49. Ila kwa hela yangu, wataalamu wa takwimu, nawaomba mje na mashine ya presha na mfike walau miaka 64. Goti nitawaeleza kwa kifupi.