Kabati la Mninga Lilivyokataa Weupe

Wifi yangu akishikilia jambo, nyumba nzima hailali. Safari hii alitaka kabati la vyombo la mama mkwe, ambalo marehemu baba mkwe alilichongesha Tabora, lipakwe ule weupe wa kufifia unaoacha mistari ya mbao ionekane. Mama hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Mwanangu, huo ni mninga."

Fundi aliyeletwa alizimua rangi ya maji nusu kwa nusu, akaipaka juu ya vanishi ya zamani bila kupiga msasa. Rangi ikajikusanya matonematone, ikateleza. Ilipokauka, mume wangu aliigusa kwa ukucha ikabanduka utepe mzima. Ukazuka mzozo: fundi anailaumu rangi, wifi anamlaumu fundi, mama kaingia zake chumbani kuswali Alasiri.

Ndipo msasa ukanunuliwa. Vanishi ikakwanguliwa mpaka mbao zikabaki tupu, na vumbi jekundu likaingia hadi kwenye sufuria ya wali. Rangi ikapakwa upya, ikafutwa kwa kitambaa kabla haijashika, kwa kufuata mistari. Lazima niseme kweli, kabati lilipendeza. Wifi aliita majirani waje kuona. Kulipokucha, mabaka ya waridi yalikuwa yametokeza kwenye vifundo na kuteremka milangoni. Likaongezwa koti la pili. Nalo likageuka waridi.

Mninga ukitiwa panga porini hutoa utomvu mwekundu kama damu, na watu wamekuwa wakiutumia kutilia rangi. Wekundu huo umo ndani ya mbao, na maji ya rangi huuvuta juu. Praima ya mafuta ya kuzuia madoa ingeuziba, lakini ingefunika na mistari ya mbao, na mistari ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Nilipomweleza wifi hayo alikaa kimya, kisha akalia. Hakuwa na nia ya kuharibu. Alitaka sebule ya mama yake ipate mwanga.

Tulimtafutia kabati la paini, mbao nyeupe za bei nafuu, kama zile za Sao Hill, Mufindi. Likapigwa msasa, likapakwa, likafutwa, na weupe umetulia. La mninga lilikwanguliwa tena, likarudishiwa vanishi.

Ndugu msomaji, ukitaka weupe huo, nunua paini. Kabati la mninga ulilorithi kwa wazazi lipige vanishi, uliache na rangi yake.